Kibla cha Dirishani

Harufu ya saruji mbichi huniingia puani kabla macho hayajaliona jengo. Nikipita njia yoyote, katika mji wowote, na pakawa na ukuta uliopigwa lipu asubuhi hiyo, ule ubaridi wake wa unyevunyevu, kama wa mtungi mpya uliotiwa maji kwa mara ya kwanza, hunisimamisha. Watu hudhani naitazama nyumba. Siitazami nyumba. Nautazama mkono wangu mwenyewe, mkono wa mtoto wa miaka tisa, umenyooshwa kuelekea dirishani kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena juu ya jambo lolote.

Niwaeleze, maana jambo lenyewe nimelibeba miaka mingi na bado halijawa jepesi.

Nyumba yetu ilijengwa Kibokoni, katika uwanja ulioachwa na nyumba ya baba yake Bibi. Ile ya zamani ilichoka, ikaanguka ubavu mmoja msimu wa masika, ukuta wake wa mawe na chokaa ukalala uchochoroni kama punda aliyegoma. Baba, aliyekuwa karani bandarini, akaianza upya kutoka msingi. Muda huo wote tuliishi katika vyumba viwili vya kupanga huko Ndia Kuu, juu ya duka la vinyago, sisi wanne: Baba, Mama, Bibi mzaa baba, na mimi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Bibi alikuwa amezaliwa katika uwanja ule wa Kibokoni, na kila jioni alikaa dirishani Ndia Kuu akiuliza swali moja: "Mumefika wapi?"

Mwaka ninaousema, Baba alianza kumjibu, "Imebaki ndani tu, mama."

Muulizeni yeyote aliyewahi kujenga habari ya hiyo "tu". Kuta zilikuwa zimesimama na dari lipo juu, lakini ndani mlikuwa kama pango. Milango haikuwa na bawaba. Nyaya za umeme zilichungulia ukutani kama masharubu ya kamba wa baharini. Ukipiga chafya sebuleni, chafya ilipanda ngazi ikakurudia. "Nje ni siku, ndani ni miaka," Bibi alisema, na Baba akafanya kama hakusikia, kwa kuwa alikuwa amekwisha waalika watu. Alikuwa amepanga kisomo siku ya Ijumaa baada ya Alasiri, ili nyumba isomewe kabla hatujahamia, nasi tuufunge mwezi wa Ramadhani chini ya dari letu wenyewe.

Kazi ya ndani aliachiwa Fundi Mwadime, Mkristo kutoka Taita, mrefu, mpole, mwenye kope zilizojaa vumbi jeupe hata ukadhani amezeeka juu ya macho tu. Alikuwa amefanya kazi Changamwe na Likoni miaka mingi, lakini Mji wa Kale alikuwa hajawahi kushika kazi. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alipopiga niru sakafuni, ile saruji laini ya juu, aliisugua kwa mwiko mpaka ikang'aa kama ngozi ya papai, na mimi nilipewa onyo la kutoikanyaga lililorudiwa mara nyingi kuliko dua.

Siku yake ya kwanza Bibi alikuja kumwona. Alisimama mlangoni akamwita kwa Kimvita chake, "Fundi, ndoo hapa!" Kwa Bibi, hiyo ilikuwa njoo. Mwadime akaitika, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi mbio na ndoo tupu mkononi. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa barazani walisimuliana, na wiki nzima mtu akipita dirishani humwita, "Fundi, ndoo!" Mwadime alicheka pamoja nao. Lakini mimi niliyempelekea chai kila siku niliona kwamba tangu hapo, akipata jambo asilolijua, hakuuliza mtu mzima. Alininong'oneza mimi.

"Mwanaisha, kiambaza ni nini?"

"Ni ukuta."

"Aa. Basi wangesema ukuta."

Nilijiona mkubwa. Nyumbani kwetu mtoto haulizwi, hutumwa. Na sasa mtu mzima mwenye pimamaji na mwiko alinihitaji mimi ili aelewe maneno ya watu wa kwetu.

Wiki moja kabla ya kisomo, Baba alipita asubuhi akielekea kazini. Sinki la choo, lile jeupe la kuchuchumaa lenye nyayo mbili za kukanyagia, lilikuwa limefika na limeegemezwa ngazini. Baba hata hakuvua viatu. Alisema kutoka mlangoni, "Fundi, choo kisielekee kibla. Si uso, si mgongo. Kikae ubavu."

"Sawa, mzee," Mwadime akasema.

Baba akaenda zake.

Nilipokuja na chai ya saa nne nilimkuta Mwadime amechuchumaa kando ya shimo, uzi mkononi, hajaanza. Alitazama mlangoni kwanza kama kuna mtu, ndipo akaniuliza polepole, "Mwanaisha. Kibla chenu ki wapi?"

Sikufikiri. Niliweka birika chini, nikanyoosha mkono mpaka bega likaniuma. "Pale, dirishani."

Nataka mnielewe, maana sikusema uongo. Kule Ndia Kuu, nyumba nzima iliswali ikielekea dirisha lenye mbao za kijani. Bibi akiniambia "elekea kibla", nilielekea mbao za kijani. Chuoni kwa Mwalimu Bakari, tulikosoma Kurani, pia tuliposwali Adhuhuri, mbele yetu palikuwa na dirisha. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba kibla ni upande wa dunia. Nilidhani ni kiungo cha nyumba. Kila nyumba ina jiko lake, ina ngazi yake, ina kibla chake, na kibla kiko dirishani. Na nyumba mpya ilikuwa na dirisha moja kubwa, zuri, linalotazama bandari ya zamani. Kibla kingekuwa wapi pengine?

Mwadime alifunga uzi kwenye msumari akauvuta sambamba na lile dirisha, akauangalia kwa jicho moja, akaweka sinki juu yake kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto. Alijitahidi mno kuliweka ubavu. Na kwa kulikwepa dirisha langu, akalielekeza kwenye kibla chenyewe, sawasawa, bila kupotoka hata upana wa kidole.

Bibi alikuja Alhamisi mchana, mkesha wa kisomo. Alikagua chumba kwa chumba, akigonga milango kwa fundo la kidole. Mwadime alikuwa sebuleni akimalizia ukingo wa ngazi, nami nilikuwa karibu yake nikimshikia kibao chake cha lipu. Nyumba ilinukia chokaa na rangi. Bibi alisifu bawaba, akasifu niru. Alifungua mlango wa choo, akaingia, na tukasikia makubadhi yake yakipanda juu ya zile nyayo mbili. Alikuwa anapima kama magoti yake yataweza.

Kisha yakashuka upesi.

Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Hakuniona mimi. "Fundi."

"Naam, mama."

"Kibla ki wapi?"

Mwadime alitabasamu, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua. Akanyoosha mwiko kuelekea dirishani. "Si huku, mama?"

"Nani alokwambia?"

Hapo ndipo alipogeuka. Macho yake yalinijia, yakakaa juu yangu labda kwa muda wa pumzi moja. Sijui aliona nini. Najua kibao kiliniteleza mikononi. Nilikuwa sijafahamu bado kosa ni nini, lakini mtoto huijua sauti ya hatari kabla ya kujua jina lake. Mwadime akayaondoa macho yake kwangu akayaweka juu ya mwiko.

"Nilikisia mwenyewe, mama."

"Ulikisia!" Sauti ya Bibi ilipanda ikajaa nyumba ile tupu, na nyumba tupu haimezi sauti. "Mtu hukisia urefu wa mlango. Hakisii kibla cha watu! Wanielekeza kibla nami nimechutama? Mimi, mtu mzima, katika uwanja wa baba yangu?"

"Mama, sikujua. Ni kosa langu."

"Hukujua, au wajua sana?"

Dirisha lilikuwa wazi ili rangi ikauke. Kule nje barazani, vikombe vya kahawa vilivyokuwa vikigongana viliacha kugongana.

"Sikujua, mama," Mwadime alirudia. "Nitakivunja sasa hivi nikiweke upya. Saruji bado changa."

"Mkono huo hautagusa tena nyumba hii. Mumeletwa kujenga mukaja kututukania dini yetu! Toka."

Hiyo "mumeletwa", ya watu wengi, niliisikia. Alikuwa amesimama mtu mmoja tu.

Baba alifika baada ya muda, kwa kuwa mtu wa barazani alikuwa amekwenda kumpigia simu kazini. Alimsikiliza mama yake, akaingia chooni akatoka, akashika kiuno. "Si nilikwambia, fundi? Si nilikwambia kwa mdomo wangu?"

"Uliniambia, mzee."

"Sasa?"

Baba alimtazama mama yake, akamtazama fundi, na nikaona kwamba angependa jambo liishe kwa namna nyingine lakini haijui namna hiyo. Akatikisa kichwa.

Mwadime aliosha vyombo vyake vyote kimoja kimoja: mwiko mkubwa, mwiko mdogo, pimamaji, kibao nilichokuwa nikimshikia. Alivikausha kwa shati lake kuukuu akavitia katika gunia. Nilisimama kando ya ndoo ya maji. Neno lilikuwa kooni mwangu, limekaa kama mwiba wa samaki, kila nikimeza linachoma na haliendi. Neno lenyewe lilikuwa fupi. *Mimi.* Nilimtazama Bibi, leso imembana kifuani, pumzi inapanda na kushuka, na mwiba ukakaa palepale.

"Chai yako ilikuwa tamu kila siku," Mwadime aliniambia bila kuinua uso. "Nenda kwa mama yako."

Mlangoni alimgeukia Baba. "Mimi kesho saa tatu napanda basi, naenda nyumbani. Fundi atakayekuja mwambie bomba limepita kushoto, asije akalitoboa."

Akaondoka. Barazani hapana aliyemwita kwa utani siku hiyo.

Baada ya Alasiri alikuja Mwalimu Bakari, ambaye ndiye angesoma kesho yake. Aliingia, akatazama, akavuta ndevu. "Bi Rukia," akasema kwa upole, "lipo jambo. Ndani ya majengo wanavyuoni wametulegezea kidogo. Katazo lenyewe kali ni la uwanjani, penye wazi."

"Wamekulegezea weye, Mwalimu," Bibi akasema. "Mimi hapana alonilegezea."

Mwalimu alikohoa akaomba maji.

Kufikia Magharibi habari ilikuwa imetembea kuliko sisi. Tukiwa njiani kurudi Ndia Kuu, jirani mmoja alitoa kichwa dirishani, sufuria mkononi. "Bi Rukia! Ati ni kweli yule fundi wenu amechora msalaba chooni?"

"La, hakuchora kitu," Bibi akajibu. Lakini alijibu huku anatembea, kwa sauti ya chini, na yule mwanamke alikuwa amekwisha geuka kumwambia mtu ndani.

Sikula chakula usiku ule. Mama alinishika paji la uso akasema nina homa. Nilikubali kuwa na homa.

Ijumaa asubuhi Baba alikwenda kutafuta fundi mwingine, na Bibi akanichukua Kibokoni tukafagie. Alitaka kuifagia nyumba mwenyewe, kana kwamba ufagio ungeondoa na lile lililosemwa. Tulipomaliza, akanipa mswala aliokuja nao chini ya kwapa.

"Nitandikia, mwanangu. Niswali rakaa mbili niiombee nyumba."

Akaingia kutia udhu. Nikabaki peke yangu katikati ya sebule, mswala umekunjwa kifuani.

Sasa sikilizeni. Wakati huo nilikwisha jua kibla ki wapi. Tangu jana kila mtu mzima alikuwa amekionyesha, kwa mkono, kwa kidole, kwa kidevu: ni upande wa ngazi. Ningeweza kuutandika mswala upande wa ngazi, sawa kama uzi, na hapana ambaye angejua chochote mpaka leo. Basi lingeondoka saa tatu. Fundi mwingine angekuja. Mwiba ungeteremka wenyewe, au ningezoea kuishi nao.

Nilijaribu kulisema lile neno kwa sauti, pale peke yangu, nione kama linatoka. Halikutoka hata mbele ya kuta.

Kwa hivyo nikautandika mswala kuelekea dirishani.

Bibi alitoka na maji yakimchuruzika viwikoni. "Mwanaisha, una usingizi? Kibla si huko. Ugeuze."

Sikuugeuza.

"Ugeuze, nakwambia."

Nilisimama na mikono yangu nyuma. Machozi yalianza kunitoka, nami nikayaacha. Bibi alinitazama kwa hasira, kisha kwa mshangao. Akautazama mswala. Akalitazama dirisha. Akageuza kichwa taratibu sana mpaka kwenye mlango wa choo, kisha akarudi kwangu kwa njia ileile, dirisha, mswala, mimi. Maji yaliendelea kudondoka kwenye niru, tone baada ya tone.

"Ni weye?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Alikuuliza weye?"

Nikatikisa tena.

"Naye akanyamaza," Bibi akasema, na haikuwa kwangu. Akakaa chini juu ya mswala ule ulioelekea kusiko. Nilingoja kofi. Kwa kweli nililitaka. Aliinuka kwa kushika magoti, akavaa buibui, akanikamata mkono.

"Amesema basi la saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Twende."

Bibi hakuwa mtu wa kutembea. Safari zake zilikuwa za matanga na harusi, na alikwenda kwa mapumziko, baraza hadi baraza. Siku hiyo alipita barazani pote bila kukaa na bila salamu zaidi ya moja. Tulikatiza Marikiti, kati ya mafungu ya ndizi na harufu ya pilipili iliyonipaliza, tukavuka barabara kubwa huku ameinua mkono mmoja kuyaamuru magari. Vidole vyake vilinibana mpaka vyangu vikafa ganzi. Saa ya msikiti mmoja niliyoichungulia ilisema saa tatu kasoro dakika kumi. Kila hatua nilisema moyoni, lisiondoke, lisiondoke, kisha nikajigundua nasema, liondoke.

Mwembe Tayari palijaa moshi, mayai ya kuchemsha, machungwa yaliyomenywa, na sauti za wapiga debe. Kijana mmoja alimrukia Bibi. "Mama, Nairobi? Kiti cha dirishani!"

"Sendi popote. Namtafuta mtu, aenda Taita."

"Anaitwa nani?"

"Mwadime."

Kijana akacheka mpaka akainama. "Mama! Nusu ya basi hilo ni Mwadime!" Akalipiga basi ubavuni kwa kiganja. "Mwadime! Unaitwa!"

Vichwa vinne vilitoka madirishani kwa pamoja. Hapana hata mmoja aliyekuwa wetu. Bibi akaanza kutembea kando ya basi, anachungulia dirisha baada ya dirisha, kidevu juu. Injini ikawashwa. Nilimwona mimi, katika kiti cha karibu na mwisho, gunia mapajani, macho mbele. Alikuwa amesikia jina lake na hakugeuka.

"Yule," nikasema. Hilo ndilo neno la kwanza lililonitoka bila kuulizwa.

Bibi alipanda basi. Ngazi zilikuwa ndefu kwa magoti yake, na abiria mmoja akamvuta mkono, mwingine akamsukuma kwa adabu. Alisimama kati ya viti, buibui limepanda upande mmoja, anahema.

"Fundi."

Mwadime aliinuka haraka, gunia likamteleza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwa nini hukusema ni huyu mtoto?"

Mwadime alinitazama, na mara hii sikuinamisha macho, ingawa nilitamani.

"Ungeniamini, mama?"

Bibi alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Kondakta alipiga kelele nje. Hatimaye Bibi akasema, "Nisingekuamini." Kisha akasema, "Niwie radhi, mwanangu."

"Nimekuwia, mama."

"Basi ndoo nyumbani umalize kazi."

Mwadime alibaki ameshika gunia, haendi mbele wala nyuma. Mzee aliyekaa jirani yake akamgusa goti. "Teremka, bwana. Mama wa watu amepanda basi kwa miguu hiyo, wewe wataka apande nini tena?" Watu wakacheka. Mwadime pia akacheka kidogo, akateremka.

Alikivunja choo kabla ya Adhuhuri, polepole, asilipasue sinki. Alipofika pa kufunga uzi, Bibi aliingia mwenyewe, akasimama juu ya kifusi, akanyoosha mkono wake wenye bangili moja kuelekea kibla. Mwadime aliuvuta uzi chini ya mkono ule.

"Usitikisike, mama."

"Sitikisiki. Litikisike zege lako."

Kisomo kilisomwa baada ya Alasiri. Choo kiliwekewa mbao mlangoni siku tatu ili saruji ishike, na mgeni aliyebanwa na haja alielekezwa kwa jirani. Waliouliza kulikoni, Bibi aliwajibu, "Kimerekebishwa, alhamdulillahi," akawasogezea halua. Mwadime alikuwa amekwisha kwenda. Alitoka kwa kichochoro cha nyuma, na gunia lake, kabla wageni hawajaanza kuingia. Nilimwona akienda na nilifurahi. Niliamini kwamba mambo yote yamerudi mahali pake. Nililala usingizi mtamu usiku ule.

Ilinichukua miaka kuona nilichokuwa sijakiona. Baba alimpa fundi amri kwa neno letu, akaenda kazini. Bibi alimcheka kwa neno letu, na fundi akajifunza kutouliza wakubwa. Neno hilo hata mimi niliyezaliwa nalo nilikuwa silijui vizuri, na bado yeye ndiye aliyetakiwa alijue. Na jambo jingine, zito zaidi: Bibi alimtukana Kibokoni, dirisha wazi, baraza zima likisikia, akamwomba radhi Mwembe Tayari, mbele ya watu wa Voi na Wundanyi waliokuwa wakisafiri. Radhi ile ilikuwa ya kweli. Nimeona watu wengi wakiomba radhi tangu hapo, na sijaona mwingine aliyepanda ngazi ndefu vile. Lakini haikurudi nasi Kibokoni. Sikumwona tena Mwadime katika kazi yoyote ya Mji wa Kale, na nilipokuwa mkubwa kiasi cha kuuliza, Bibi alikuwa amekwisha fariki.

Miaka ya karibuni nilikwenda harusini, nyumba ya nne kutoka kwetu. Tulikuwa wanawake kama kumi jikoni, tunamenya vitunguu vya pilau. Bibi harusi alikuwa anajengewa nyumba, na jirani yetu mmoja, mtu mwema aliyenilea kwa mahamri yake, akaanza kumwonya juu ya mafundi wa kutoka bara. Akamsimulia habari ya yule aliyemgeuzia kibla bibi wa watu makusudi, akachora na msalaba ukutani, mpaka nyumba ikabidi isomewe upya.

Niliweka kisu chini. "Ni mimi," nikasema.

"Weye nini?"

"Mimi ndiye niliyemwonyesha kibla. Hakuchora kitu. Mimi ndiye niliyekosea."

Wakacheka. "Mwanaisha na hadithi zake!" mmoja akasema, akanipiga bega. "Sasa hata vyoo vya watu wataka viwe vyako!"

Wakacheka zaidi, nami macho yanatoka machozi, na kwa kuwa mbele yetu palikuwa na kilima cha vitunguu hapana aliyeyahesabu. Nikasimama katikati ya jiko. Nikaanza tangu mwanzo, tangu chai ya saa nne na uzi mkononi mwake, polepole, nikimtaja kwa jina. Wawili watatu waliacha kucheka. Yule jirani yetu hakuinua uso. Aliendelea kumenya, na alipofika kwenye ganda la mwisho alimwambia bibi harusi, kwa sauti ya kumtuliza, "Hata hivyo, mwanangu, wewe jihadhari."